Vyombo vya anga kutoka kapu la taka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaoitazama chupa tupu ya shampuu wakaona tangi la mafuta la chombo kinachosafiri baina ya sayari. Maswali hayakupangwa kwa umuhimu. Ukiwa na haraka, ruka hadi lile la gundi, maana gundi ndiyo inayoua modeli nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hasa tunaunda nini?

Modeli za vitu visivyokuwapo: vyombo vya anga, roboti, vituo vya mwezini, magari ya kutambaa kwenye sayari zenye vumbi jekundu, mitambo ya kuchimba barafu. Malighafi ni vikorokoro vilivyomaliza kazi yake ndani ya nyumba, yaani vifuniko, makopo, kalamu zilizokwisha wino, rimoti iliyokufa, printa iliyogoma. Hakuna boksi lenye picha ya kukuonyesha kitu kitakavyokuwa, wala karatasi ya maelekezo. Hilo huwatisha wengine. Lakini pia hakuna atakayekuambia kwamba injini umeiweka pasipo mahali pake, kwa sababu hajawahi kuiona injini hiyo.

Je, lazima niwe na kipaji cha kuchora?

Hapana. Lazima uwe na kisu kikali na subira ya kusubiri gundi ikauke.

Hii si michezo ya watoto?

Huenda umeshaitazama kazi ya aina hii mara nyingi bila kujua. Dalek wa kwanza walipotokea katika tamthilia ya Doctor Who mwaka 1963, mkono mmoja wa viumbe wale wa kutisha ulikuwa pampu ya mpira ya kuzibulia sinki. Katika tamthilia ya Thunderbirds ya mwaka 1965, ukutani mwa banda la roketi kulibandikwa kikamulio cha limau cha plastiki. Mwaka uliofuata, vifaa vya daktari katika Star Trek vilikuwa vikopo vya kunyunyizia chumvi mezani. Na upanga wa mwanga wa Luke Skywalker katika Star Wars ya mwaka 1977 ulitengenezwa kutokana na mpini wa flashi ya kamera ya kizamani ya Graflex. Vyombo vya anga vya filamu hiyo vilijazwa vipande vilivyong'olewa kwenye modeli za dukani za vifaru, manowari na ndege.

Ni kweli kwamba baadhi ya mafundi hao walibanwa na bajeti na muda. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mimi huiona kubwa zaidi. Kifuniko cha dawa ya meno kimetoka katika kalibu ya chuma iliyochongwa kwa mashine. Mifereji yake yote ni sawasawa, mduara wake ni kamili. Jaribu kukichonga wewe kwa mkono, utapoteza wiki nzima na bado kitakuwa kimepinda. Taka za nyumbani zinakupa bure usahihi wa kiwandani, na usahihi huo ndio unaoifanya modeli ionekane kama mashine badala ya kuonekana kama kinyago.

Nianze na kitu gani?

Anza na mtambo unaosimama ardhini: mnara wa kusafisha hewa, kituo cha mawasiliano, ghala la mafuta kwenye sayari ya mbali. Chombo cha anga kina masharti mawili magumu kwa mgeni. Kushoto kwake kunapaswa kufanana na kulia, kwa hiyo unahitaji kila kitu jozi, tena jozi zinazolingana kweli. Na kinapaswa kutazamwa kutoka pande zote, hata chini. Mtambo wa ardhini una mgongo wa kuficha makosa, na hakuna anayeshangaa ukiwa na tangi upande mmoja na bomba upande mwingine.

Kabla ya gundi yoyote, tafuta umbo kuu. Chukua vitu viwili au vitatu vikubwa, uviunge kwa tepu ya karatasi, kisha uvishike mbele ya dirisha lenye mwanga ili uone kivuli tu. Kivuli kikisema jambo, endelea. Kisiposema chochote, usitegemee kwamba vipande mia vidogo vitakiokoa, kwa sababu havitakiokoa. Katika kazi hii nyote mtapishana na mimi juu ya mambo mengi, ila hapa sitabishana: umbo kuu likikaa vibaya, kila kinachofuata ni kupamba nyumba iliyoinama. Acha modeli ya tepu mezani siku kadhaa. Ipite, irudie, igeuze juu chini. Mara nyingi inapendeza zaidi ikiwa juu chini, na hakuna sheria ya anga inayokataza.

Niokote nini, niache nini?

Okota vitu vyenye umbo safi na uso uliotulia. Chupa za shampuu na losheni zina mikunjo laini ambayo huwezi kuitengeneza nyumbani. Kipanya cha kompyuta kikigeuzwa huwa karibu ni gari la anga tayari. Kijimpira cha diodoranti ya kuviringisha ni kuba la rada. Mipini ya nyembe za kutupa huwa na mistari ya mpira na mapindo yanayofaa mabawa na miguu ya kutulia. Pakiti za vidonge hutoa safu ya matundu au makuba yaliyopangwa sawasawa. Mirija na vijiti vya pamba vya masikioni ni mabomba; springi za kalamu ni vifyonza mshtuko; vitufe vya kibodi ni mabamba ya kinga.

Kifaa cha umeme kilichokufa ni hazina, mradi usome swali linalofuata kabla ya kukigusa. Kipoza joto cha alumini kutoka kwenye kompyuta kina mapezi membamba yanayofanana kabisa na radieta ya chombo cha anga. Kisoma-diski cha DVD kina lenzi ndogo, reli na mota za ukubwa wa ncha ya kidole. Diski ngumu ina sahani zing'aazo kama kioo na sumaku zenye nguvu ya ajabu. Sumaku hizo zinafaa kushikizia sehemu za kutoa na kurudisha, ila zikikubana kidole utazikumbuka. Sahani zenyewe usizikunje kuzijaribu, hasa za kompyuta ya mapajani, kwani nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vyenye makali. Skrubu za diski ngumu huwa na kichwa cha nyota, kwa hiyo tafuta bisibisi ya aina hiyo mapema.

Printa ndiyo mfalme wa vikorokoro. Utapata shafti za chuma, rola na gia za kila kipimo. Hata hivyo, zile gia nyeupe zinazoteleza huwa ni plastiki ambayo karibu haishiki gundi kabisa. Zipitishie waya au skrubu katikati, au ziache.

Ukipata kitu kizuri, tafuta cha pili chake. Kifuniko kimoja ni pambo, lakini viwili ni injini za kushoto na kulia, na vinne ni chombo kizima.

Acha chochote chenye kutu inayomeguka, chochote kilichogusa damu au dawa ya kudungwa, na chochote kilichobeba sumu ya wadudu. Usichukue pia kitu kwa sababu tu kina vitu vingi ndani. Bodi ya saketi, kwa mfano, huvutia kila anayeanza, lakini ikibandikwa nje ya chombo bado huonekana kuwa bodi ya saketi.

Kuna vitu ambavyo sipaswi kufungua?

Vipo, na hapa hakuna mzaha.

Usifungue tanuri la mikrowevu. Kapasita yake hubeba maelfu ya volti na huweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa ukutani. Pia baadhi ya kauri zilizomo ndani zina oksidi ya berili, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usifungue televisheni au skrini ya kizamani yenye mgongo mkubwa, kwa kuwa tyubu yake ina ombwe linaloweza kuilipua kwa ndani, na volti zake huzidi 20,000. Kamera ndogo yenye flashi inaonekana haina madhara, kumbe kapasita yake hufika kama volti 300. Vifaa vinavyochomekwa ukutani vina sehemu ya umeme mkuu ambayo mtu asiye fundi aipite mbali.

Betri za lithiamu, kama za simu na kompyuta za mapajani, usizikate, usizitoboe, usizikunje. Zikiharibika ndani huwaka moto usiozimika kirahisi. Makopo ya kupuliza usiyatoboe hata ukidhani yameisha. Vibiriti vya gesi ni hivyo hivyo. Taa ndefu za mrija na zile za kubana umeme zenye mrija uliojikunja zina zebaki. Katriji ya printa ya leza ina unga mwembamba unaoruka hewani na kuingia kila mahali, mapafuni pia.

Kukata bodi za saketi kwa msumeno kunatoa vumbi la nyuzi za kioo. Ukilazimika, vaa barakoa na uloweshe unapokata. Na usikate wala usitengeneze PVC (plastiki ya mabomba ya maji) kwa moto, kwani moshi wake una asidi.

Mbona sehemu zangu zinabanduka? Nimetumia gundi nzuri.

Gundi nzuri kwa plastiki gani? Hapo ndipo penye shida. Plastiki si kitu kimoja, na gundi inayoshika hii haiijui ile.

Tazama chini ya chombo, ndani ya pembetatu yenye mishale. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na soda. Namba 2 na 4 ni polithini, ngumu na laini. Namba 3 ni PVC. Namba 5 ni polipropilini, ya vifuniko vingi. Namba 6 ni polistirini. Namba 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki, ikiwamo ABS, ambayo ndiyo plastiki ya vitufe na maganda mengi ya vifaa vya elektroniki.

Namba ikikosekana, kata kipande kidogo ukitie kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, ukikizamisha kwa kidole ili viputo vitoke. Kikielea ni polithini au polipropilini. Kikizama ni polistirini, ABS, PET au PVC. (Stirofomu huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani, kwa hiyo haihesabiki.) Jaribio hili halina gharama na linakuepusha na machozi mengi.

Zinazozama zina tabia njema. Polistirini na ABS hushikana kwa gundi ya wanamodeli, ile inayoyeyusha nyuso mbili zikawa moja. Ikikauka, kiungo kina nguvu sawa na plastiki yenyewe. PET haiyeyuki kwa gundi hiyo, lakini ukiikwaruza kwa msasa, supaglu au epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa) itaishika kiasi cha kutosha kwa modeli inayokaa kabatini.

Zinazoelea ni wakaidi. Uso wake una asili ya nta, gundi haipati pa kung'ang'ania, na rangi pia hubanduka. Zipo supaglu maalumu zinazouzwa pamoja na kalamu ya kupaka kwanza, na hizo husaidia. Njia yangu ni nyingine: sizibandiki, nazifunga. Natoboa tundu na kupitisha waya au skrubu. Au nakibana kipande kati ya vipande viwili vinavyoshikana vyenyewe, kikae mfungwa. Au nakivisha mkanda wa kadi nyembamba kuzunguka, kisha nabandika kwenye kadi.

Kuhusu supaglu, kumbuka kwamba hukauka kwa unyevu wa hewani, na hufanya kazi ikiwa nyembamba. Tone kubwa hukaa mbichi katikati. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, kwa hivyo vioo vya madirisha vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba; vikikutana hutoa joto kali la kuweza kuunguza. Gundi hii yenyewe ni mtoto wa taka: mwaka 1942 watafiti wa Eastman Kodak, Harry Coover akiwemo, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, wakaitupilia mbali kwa sababu ilinata kila ilipogusa. Ilingoja hadi 1958 kuingia sokoni.

Gundi ya moto ya bastola? Inafaa kushikiza vitu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Nje inaacha nyuzi na mabonge, na siku ya joto inaachia.

Watu bado wanasema, "Hicho si kifuniko cha dawa ya meno?" Nifanyeje?

Jicho hutambua kitu kwa mambo matatu: mzingo wake, rangi yake na upande uliozoea kuuona. Vunja mawili kati ya hayo na kitu kinapotea. Rangi utaiua kwa praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza, hilo ni rahisi. Upande uliozoeleka utauua kwa kukigeuza, kukilaza, kukizamisha nusu ndani ya kitu kingine. Mzingo ndio unaodai kisu: kata ukingo mmoja, ongeza pete ya waya, ziba shimo la kati, bandika kitu kidogo kinachovuka mpaka kati ya kipande hiki na jirani yake. Hilo la mwisho halisemwi vya kutosha. Vipande viwili vilivyokaa karibu ni taka mbili. Bomba jembamba likitoka kwenye kimoja na kuingia kwenye cha pili, vimekuwa mashine moja.

Shingo ya chupa ndiyo mbaya kuliko zote. Zile nyuzi za kufungia kifuniko hutambulika hata ukizipaka dhahabu. Zikate, au zifunike kwa kitu kipana zaidi.

Ondoa pia maandishi yaliyochomoza, alama za pembetatu na nembo. Msasa namba 320 unatosha kwa kuanzia, kisha 600 ya kulainisha.

Na kama rafiki yako mwanamodeli ametambua kifuniko, usihangaike. Yeye hutambua kila kitu, ameharibika macho kama sisi wengine.

Skeli ina maana gani ikiwa chombo chenyewe hakipo?

Skeli ni uwiano wa ukubwa wa modeli na wa kitu chenyewe: katika 1:35, kitu ni kikubwa mara 35 kuliko modeli. Hapa ina maana kubwa kuliko kwa vitu vilivyopo. Kifaru kila mtu anajua ukubwa wake. Chombo chako hakuna anayejua mpaka umwambie, na unamwambia kwa kitu kimoja tu, yaani mwili wa binadamu. Mtu wa sentimita 175 ana urefu wa milimita 50 katika skeli ya 1:35, takriban 24 katika 1:72, na 12 katika 1:144. Mlango, ngazi, dirisha na reli ya kushikia vinafuata hapo. Vidato vya ngazi vilivyoachana sentimita 30 vinakuwa milimita 4 hivi kwenye 1:72. Reli ya mita moja inakuwa milimita 14.

Chukua chupa ya sentimita 30. Kwenye 1:72 ni chombo cha mita 21 na kidogo, cha wafanyakazi wachache. Ifanye 1:1000 na ni jiji la mita 300 linalosafiri. Chupa ni ile ile. Kilichobadilika ni madirisha: katika ya kwanza ni madirisha matatu unayoweza kuchungulia, katika ya pili ni vitobo mamia vya ncha ya sindano. Kwa hiyo kosa kubwa ni kuchanganya, kuweka ngazi ya 1:35 pembeni ya madirisha ya 1:1000. Chagua mapema, andika namba kwenye karatasi, bandika ukutani juu ya meza.

Jambo la ziada: kadiri chombo kinavyokusudiwa kuwa kikubwa, ndivyo kingo za mabamba zinavyopaswa kuwa nyembamba. Bamba la plastiki la milimita 2 kwenye 1:350 ni ukuta wa sentimita 70. Kadi nyembamba au karatasi nene itakufaa zaidi.

Niweke madoido kiasi gani?

Machache kuliko unavyotamani. Anayeanza hujaza kila sehemu kwa sababu vikorokoro vipo na gundi ipo. Matokeo yake jicho halina pa kutua, na chombo kinaonekana kuwa kidogo. Sehemu tupu ndizo zinazoyapa madoido maana. Mimi huyarundika mahali ambapo mashine ingekuwa nayo kweli: kuzunguka injini, kwenye viungo vya miguu, ndani ya mitaro kati ya mabamba, chini ya tumbo. Mgongo na pua navichunga vibaki vitulivu, na mistari ya mabamba iliyokwaruzwa kwa mgongo wa ncha ya kisu inatosha huko.

Jiulize kila kipande kinafanya nini. Huna haja ya kumwambia mtu. Ukishaamua kwamba kile kitufe ni mfuniko wa tundu la kujazia mafuta, utajua mwenyewe kwamba kinahitaji bomba na kwamba mtu lazima aweze kukifikia.

Mianya kati ya vipande naijazaje?

Midogo kwa gundi nyeupe na kidole chenye maji. Mikubwa kwa pati ya epoksi. Ukitaka haraka, nyunyiza unga wa soda ya kuokea (bikabonati) kwenye mwanya, dondosha supaglu nyembamba juu yake, na papo hapo inakuwa jiwe linalosagika kwa tupa. Kaa mbali na mvuke wake, na usikawie kusaga kwani ikikaa siku moja inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka.

Kuhusu rangi: kwa nini praima inasisitizwa hivi?

Kwa sababu kabla yake una rundo la vitu na baada yake una kitu kimoja. Kijivu cha mfululizo kinafuta historia ya kila kipande: bluu ya kifuniko, wekundu wa kalamu, fedha ya waya. Pia kinakuonyesha kila mwanya uliousahau. Wengi tunapaka praima, tunaona aibu, tunarudi kwenye msasa, tunapaka tena. Huo ndio mwendo wa kawaida.

Kabla ya hapo osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta ya vidole, ya losheni na yale yaliyotumika kiwandani ili plastiki ichomoke kwenye kalibu hufanya rangi ijikunje. Gundi ya lebo hutoka kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Puliza tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nene, nje au mahali penye hewa, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja mvuke.

Tahadhari mbili. Rangi ya kupuliza huyeyusha stirofomu, mbele ya macho yako, kuanzia kona. Ipake kwanza gundi nyeupe tabaka mbili tatu, au rangi ya maji kwa brashi, bila kuacha tundu. Na PVC laini, kama ya wanasesere na ngozi za nyaya, hutoa mafuta yake polepole. Rangi juu yake yaweza kubaki ya kunata miezi na miezi, na ikigusana na polistirini kwa muda mrefu huilainisha.

Rangi za juu ziwe zisizong'aa. Mng'ao mkali huifanya modeli irudi kuwa mwanasesere. Chagua rangi moja kuu, kisha paka mabamba machache kwa kivuli chake kilichokolea au kufifia kidogo tu, kiasi cha kutilia shaka kama tofauti ipo.

Nikizeeshe vipi kionekane kimetumika?

Changanya rangi ya kahawia-nyeusi na maji mengi, takriban sehemu moja kwa kumi, uipake mitaroni, ufute juu kabla haijakauka. Kisha chukua brashi kavu yenye alama tu ya rangi nyepesi, upitishe juu ya kingo. Kipande cha sponji kilichochovywa kidogo kwenye rangi ya chuma hutoa michubuko mizuri kuliko brashi. Unga wa mkaa unafaa kuzunguka matundu ya injini.

Uchafu una mwelekeo. Kwenye sayari yenye mvutano hutiririka chini, na nyuma ya injini huelekea nyuma. Chombo kisichowahi kutua hakina tope miguuni.

Nataka kiwake taa.

Amua kabla hujafunga chombo, vinginevyo utakikata. LED za milimita 3 ni rahisi na hazitoi joto la kutisha. Kila moja inahitaji rezista, kijisehemu kinachopunguza mkondo wa umeme. Chukua volti za betri, toa volti za LED (nyekundu kama 2, nyeupe au bluu kama 3), gawanya kwa ampea 0.02. Kwa betri ya volti 9 na LED nyeupe: 9 toa 3 ni 6, gawanya kwa 0.02 unapata omu 300, basi tumia 330 iliyo karibu. Ikiwaka kupita kiasi, tumia rezista yenye omu nyingi zaidi.

Shida itakayokukera ni mwanga kupenya kwenye plastiki, chombo kizima kikang'aa mithili ya taa ya chumbani. Paka ndani rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake ili mwanga urudi. Na betri iwekwe kwenye stendi, au nyuma ya kifuniko cha sumaku. Usiizike humo ndani milele.

Naruhusiwa kutumia vipande vya modeli za dukani?

Nani akukataze? Mafundi wa filamu walifanya hivyo. Modeli iliyopotea nusu ya vipande ni bahati yako.

Nyumbani wanalalamika kwamba taka zimejaa.

Wana haki. Osha siku ile ile uliyookota, maana harufu ndiyo inayoanzisha ugomvi. Vunja vifaa mapema ubaki na sehemu unazozitaka, mabaki ya elektroniki na betri uyapeleke yanakopokelewa. Panga kwa umbo: mviringo, bapa, mirija, vyenye mapezi. Ukipanga kwa asili yake, hutakumbuka kamwe kama kile kipande kizuri kilitoka kwenye redio au mashine ya nywele. Na weka mpaka wa maboksi. Yakijaa, kila kipya kikiingia, kitu kimoja kitoke.

Watoto wanaweza kushiriki?

Katika kuokota, kuosha, kupanga, kuunga kwa tepu na kubuni hadithi ya chombo, ndiyo, na kwa kubuni watakushinda. Kisu, supaglu, rangi ya kupuliza na kufungua vifaa vya umeme ni vya mkubwa. Sumaku za diski ngumu ziwekwe mbali kabisa na wadogo. Zikimezwa mbili hushikana kupitia kuta za utumbo na kuleta madhara ya kufisha.

Kimekwisha. Nikitunzeje?

Mbali na jua la dirishani, kwani plastiki nyingi, ABS hasa, hugeuka manjano na kuwa dhaifu. Vumbi lifutwe kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka juu kwenda chini, ukiwa umeshika stendi badala ya chombo. Ukisafirisha, funga kwa tepu sehemu zilizochomoza kwenye ubao wa chini, na chukua tyubu ndogo ya supaglu mfukoni. Antena ya kwanza huvunjika kabla hujatoka mlangoni.